Mbwa usiyemlisha atalishwa na jirani

Leo tunaandika juu ya chakula cha mbwa na paka. Tunajua kuna watakaocheka: watu wenyewe posho haitoshi, nyie mnaleta habari za mbwa? Sawa, chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Majuzi huku Muhuta kulitokea ugomvi. Mbwa wa kijana mwenzetu aliingia usiku kwa mama mmoja mwenyeji akala kuku watatu. Asubuhi yule mama hakusema mbwa amekula kuku wangu. Alisema wakimbizi wamekula kuku wangu. Maneno yakafika sokoni kabla ya saa nne. Ikabidi tukae na wazee, tuombe msamaha, tuchange pesa, kuku walipwe. Tulipomuuliza mwenzetu mbwa wake huwa anakula nini, akajibu: "Aa, huyo anajitafutia tu."

Hapo ndipo shida ilipo. Mbwa anayejitafutia anatafuta kwa nani? Kwa jirani, kwenye takataka, na nyuma ya choo. Akishiba huko anarudi nyumbani kulamba mikono ya watoto. Kwa hiyo ukisema huna cha kumpa, usifikiri umeokoa chakula. Gharama umeitoa kwako ukaipeleka kwa jirani na kwa watoto wako.

Wengine wanatuambia: basi msifuge kabisa. Hatukubali. Wengi wetu tulivuka ziwa hili kutoka Fizi na Uvira. Januari 2018 watu maelfu walivuka kutoka Fizi kwa mitumbwi ya wavuvi, na mtu akikimbia risasi hapakii mbwa. Hawa tulio nao tumewapata huku huku. Paka analinda unga na maharage yasiliwe na panya. Mbwa anabweka usiku mlango ukiguswa. Na mtoto aliyeacha kila kitu ng'ambo, amepata wa kucheza naye. Wanafanya kazi, na anayefanya kazi anakula.

Sasa wale nini? Hatusemi biskuti za mbwa za dukani. Hata huko wanakozinunua si zote salama: mwishoni mwa 2020 Marekani makumi ya mbwa walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa na mahindi yenye sumu ya ukungu. Hiyo sumu tunaijua huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Kwa hiyo ile tabia ya kusema "unga umeharibika, tumpe mbwa" tuiache. Unga uliooza kwako umeoza na kwake, na ini lake linaumia kama lako.

Mbwa amekaa na binadamu maelfu ya miaka, tumbo lake limezoea vyakula vyetu vya wanga. Ugali wa muhogo au wa mahindi anaweza kula, ila ugali peke yake haumjengi mwili. Changanya na maharage yaliyoiva vizuri, au ndagala, au vichwa na matumbo ya mukeke ambayo akina mama wauza samaki wanatupa pale ufukweni. Omba kwa heshima, watakupa. Chemsha kwanza. Mpe mara moja au mbili kwa siku, saa ile ile, nyumbani kwako. Mbwa anayejua saa ya kula hatangitangi. Mtoto wa mbwa mpe kidogo kidogo, mara tatu au nne.

Paka ni mwingine kabisa. Yeye ni mla nyama, ugali haumtoshi hata ukiupaka mawese. Asipopata nyama au samaki muda mrefu, macho yanaharibika na moyo unachoka. Wengine wanasema paka atakula panya. Ni kweli, lakini panya hawapatikani kila siku, na paka mwenye nguvu ndiye anayewinda vizuri. Ndagala chache kila siku zinamsaidia sana. Zipike, kwa sababu samaki wengine wakiliwa wabichi kila siku wanamaliza vitamini B1 mwilini mwa paka. Kama zina chumvi, ziloweke kwanza, maji uyamwage. Uvuvi unaposimama, kama miezi ile ziwa linapofungwa, tunza ndagala kavu kidogo kwenye kopo kwa ajili yake. Na maji safi wote wawili wanahitaji kila siku.

Vitu vya kukataa: vitunguu, vitunguu saumu na chokoleti ni sumu kwao. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano na kutoboa utumbo. Na matumbo mabichi ya mbuzi au kondoo usimtupie mbwa. Kuna mnyoo mbwa anaupata humo, mayai yake yanatoka na kinyesi, mtu akiyameza anaota uvimbe ndani ya ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, watu wengi wamepasuliwa kwa ugonjwa huo.

Tunarudi kwenu ndugu wa mashirika. Tunapojitolea kambini tumesikia mara nyingi: mbwa ni wachafu, waondolewe. Tunaelewa hofu yenu. Kichaa cha mbwa kinaua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Lakini ukiwaua wachache wengine wanakuja, bila chanjo na wenye njaa. Kinachozuia ni kuchanja mbwa 70 kati ya 100. Tunaomba mtuletee muganga wa mifugo na siku ya chanjo. Tutawaleta mbwa wetu wenyewe, wamefungwa kamba. Na mnapofundisha usafi wa mikono na choo, ongezeni neno moja juu ya wanyama wa nyumbani.

Nyie vijana wenzetu, na sisi wenyewe tukiwemo: usifuge mbwa wanne kama chakula ulicho nacho kinamtosha mmoja. Huo si upendo. Na mtoto aking'atwa, kidonda kioshwe na maji na sabuni dakika 15, halafu mbio kwenye kituo cha afya, hata kama mbwa ni wa kwenu.

Yule mwenzetu wa kuku watatu sasa anapita ufukweni kila asubuhi na ndoo. Mama aliyeliwa kuku ndiye anayemwekea vichwa vya mukeke, kwa sababu naye anauza samaki. Hatusemi wamekuwa marafiki, lakini wanasalimiana. Sisi tunaoishi kwenye ardhi ya watu, salamu hiyo si kitu kidogo. Tuwalishe mbwa wetu tuilinde.