Dumu la Maji na Afya ya Baba



Wiki hii tunazungumza na akina baba wa Tarime na Mugumu, hasa wenye maduka na wafanyakazi wa ofisini. Wengi wetu tumbo limeongezeka na pumzi imepungua, na tunajitetea kuwa hatuna fedha za kulipia mazoezi.

Fedha hiyo haihitajiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi cha wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku 5, na siku 2 afanye kazi za kuimarisha misuli. Ushauri huo hautaki mashine wala ada.

Basi na tuzitazame nyumba zetu. Mama huamka kabla ya Alfajiri, huteka maji, hutafuta kuni, hulima, kisha hupika. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, naye hupanda nalo mlima. Baba hupanda bodaboda kwenda dukani, hukaa kitini hadi Magharibi, hurudi kwa bodaboda. Katika nyumba moja, mmoja anadhoofu kwa wingi wa kazi na mwingine kwa kuikosa. Dawa yao ni moja: mzigo ugawanywe.

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia ahli zake, na wakati wa sala ulipoingia alitoka kwenda kusali. Ikiwa yeye hakuona unyonge katika kazi ya nyumba, nani kati yetu ataona aibu kukutwa na dumu njiani? Tunajua kwamba wapo watakaocheka na kusema hiyo ni kazi ya wanawake. Mila ya namna hiyo haina hoja mbele ya Sunna.

Kwa vitendo, baba aanze na madumu mawili ya asubuhi, akichukua nusu dumu kila mkono mpaka mwili uzoee. Kuni azipasue yeye. Dukani aende kwa miguu. Tuchukue mfano wa nauli ya shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi: kwa siku 5 ni shilingi 10,000, ambazo zitanunua dagaa, mgagani na unga wa wimbi kwa ajili ya watoto. Msikitini pia aende kwa miguu. Na kwa kuwa tumeamrishwa kuiendea sala kwa utulivu, mwendo wa haraka aufanye wakati wa kurudi.

Mama aliyepunguziwa mzigo apewe mapumziko. Ama mwanamke anayeshinda kwenye cherehani, naye anahitaji kutembea. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, safari moja akashindwa, nyingine akashinda. Watoto wanahitaji dakika 60 kila siku, na mpira wa matambara na kamba ya kuruka vinawatosha.

Tahadhari mbili. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua apite kwanza zahanati. Na katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, kama Robanda, tembo huweza kukutwa njiani gizani. Matembezi yangoje jua lichomoze, na watu waende kwa kufuatana.

Mwili ni amana, na mke pia ni amana. Anayebeba dumu la nyumbani kwake amezitunza amana zote mbili kwa safari moja ya kisimani, bila kutoa hata senti.