Kusema “iko nabloke” hakutoshi

Hapa Lubumbashi, mtu akipeleka kompyuta yake ya michezo kwa fundi, mara nyingi husema sentensi moja tu: “Mashini iko nabloke.” Fundi naye ana jibu moja: tubadilishe. Tubadilishe memwari, tubadilishe kadi ya michoro, tubadilishe hata mashini nzima. Kati ya sentensi hizo mbili hakuna swali hata moja. Mimi nadai kwamba upungufu huo ni wa lugha kabla ya kuwa wa ufundi, na kwamba sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunahusika nao moja kwa moja.

Najua kuna walimu watakaouliza: michezo ya kompyuta inaingiaje katika jarida la kitivo cha lugha? Inaingia kwa sababu ya pesa, na kwa sababu ya watu wanaozitoa. Vijana wengi wa mitaa yetu hawanunui kompyuta mpya ya michezo. Wananunua mnara wa ofisi wa okazio uliokwisha kutumika Ulaya, kisha wanaongeza kadi ya michoro ambayo nayo ni ya okazio. Mashini hiyohiyo mchana inachapa kazi za wanafunzi na kukata video za harusi. Jioni watoto wa mtaa wanalipa ili wacheze mpira. Ikilegea, nyumba inalegea. Mwenye mashini akitoa dola mia moja kununua kifaa ambacho hakikuwa na ubaya wowote, pesa hizo hazirudi, na ugonjwa unabaki palepale.

Basi tulitazame neno lenyewe. “Kubloke” limetoka katika Kifaransa, na si neno baya. Lugha zote hukopa. Shida ni kwamba limemeza mambo matano au sita yasiyofanana. Mtu ambaye mchezo wake unakwenda polepole tangu mwanzo hadi mwisho husema inabloke. Ambaye mchezo wake unakwenda vizuri, kisha unashtuka kila baada ya sekunde chache, husema inabloke. Ambaye picha zake ni laini lakini adui anarukaruka kwa sababu ya intaneti, husema inabloke. Hata yule ambaye mashini yake inazimika yenyewe, naye husema inabloke. Kila mmoja wa watu hawa anahitaji dawa yake.

Jambo la ajabu ni kwamba Kiswahili kina vyombo vya kutenganisha mambo hayo, na vyombo hivyo ndivyo tunavyofundishwa darasani kila siku: nyakati, hali na minyambuliko ya kitenzi.

Tuanze na tofauti ya “inakwenda polepole” na “inakwamakwama.” Ya kwanza ni hali ya kudumu. Kila picha inachukua muda mrefu kutengenezwa. Mchezo ukionyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha ina karibu milisekunde 17. Ukionyesha 30, kila picha ina milisekunde 33. Ya pili ni kitenzi kilichorudiwa, na urudufishaji katika Kiswahili unatuambia kwamba tendo linakatika na kurudi. Hapo picha nyingi zinafika kwa wakati, ila moja inachelewa. Chukua mchezo wa picha 60 kwa sekunde. Katika sekunde fulani picha moja tu ichukue milisekunde 100. Zinazobaki zitapata milisekunde 900, na jumla ya sekunde ile itakuwa picha 55. Kipimo kinasema 55, fundi anasema ni nzuri, lakini jicho la mchezaji limeona mshtuko. Hakuna anayedanganya hapo. Mmoja anasoma wastani, mwingine anaeleza kigugumizi.

Tofauti hiyo inaelekeza mkono wa fundi. Upole wa kudumu unamtuma atazame prosesa na kadi ya michoro. Kukwamakwama kunamtuma kwanza mahali pengine: memwari iliyojaa, kumbukumbu ya kadi ya michoro iliyojaa, diski ngumu ya kuzunguka isiyowahi kuleta vipande vya mchezo, au programu nyingine inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya mchezo.

Sasa tuje kwa “-ki-” na “-sha-”. Mteja akisema “ikishapata moto inapunguza mwendo,” ametoa ushahidi mkubwa kuliko risiti kumi. Amesema kwamba mwanzo ni mzuri na kwamba kuna sharti linalotangulia shida. Prosesa za siku hizi zikikaribia mwisho wa joto lake, ambao kwa nyingi ni karibu nyuzi 100, hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Katika mji wetu, kiangazi cha kuanzia Mei hadi Septemba huleta vumbi jekundu linaloziba feni na mapezi ya kupoza. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, brashi, hewa, na pasti mpya ya kupoza kati ya prosesa na chuma chake vinaweza kutosha. Kumuuzia kadi ya michoro yenye nguvu zaidi ni kuongeza moto ndani ya sanduku lilelile.

Kisha kuna “imezimika,” “imejizima” na “imezimwa.” Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ni vitu vitatu. Imezimwa: kuna aliyeizima. Imejizima: mashini yenyewe imefunga, labda kwa kujilinda na joto. Imezimika: nguvu imekata, na hapo tutazame kisanduku cha umeme. Minara ya ofisi mara nyingi huja na kisanduku kidogo ambacho hakikukusudiwa kulisha kadi kubwa ya michoro, na voltaji ya mtaani nayo hupanda na kushuka. Na kama tatizo ni mazoea, sisi wa huku hatuna haja hata ya kuazima “huzimika” ya vitabuni. Kiswahili chetu kina “-aka”: “inazimikaka saa ya mangaribi.” Neno hilo moja linaonyesha mazoea, na saa yake inaonyesha wakati ambapo kila nyumba imewasha jiko. Fundi mwenye masikio atapima umeme kabla ya kufungua sanduku.

Kutaja vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujaribu, na hapa pia fundi na mwanaisimu wanakutana. Tunajuaje kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili katika Kiswahili? Tunabadilisha sauti moja tu na kuacha nyingine zote, “pata” na “bata,” kisha tunatazama kama maana imebadilika. Hakuna anayebadilisha sauti tatu kwa mara moja halafu akadai amegundua kitu. Lakini hivyo ndivyo mashini zetu zinavyotibiwa: kwa siku moja memwari imebadilishwa, Windows imewekwa upya na kadi imechomolewa. Mashini ikipona, hakuna anayejua kilichoiponya. Na ikiugua tena baada ya mwezi mmoja, wote wanaanza upya.

Jaribio zuri zaidi halina gharama. Punguza ukubwa wa picha ndani ya mchezo, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, na usiguse kitu kingine. Idadi ya picha kwa sekunde ikipanda sana, kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa imelemewa. Ikibaki palepale, kadi haina kosa: tazama prosesa, memwari, au kikomo ambacho mchezo wenyewe umejiwekea. Hiyo ni jozi yetu ya mlinganuo kamili, na inamzuia mtu asinunue kadi ambayo prosesa yake haitaweza kuilisha.

Kuna mambo mengine ya bure ya kutazama kwanza. Waya wa skrini umechomekwa wapi? Ukichomekwa katika ubao mama badala ya kadi ya michoro, mchezo unaweza kuendeshwa na michoro midogo ya prosesa, huku kadi iliyonunuliwa imelala. Memwari ni kijiti kimoja au viwili? Katika mashini nyingi, kijiti kimoja cha gigabaiti 8 kinatumia njia moja, na viwili vya 4 vinatumia njia mbili. Mchezo unaweza kuhisi tofauti hiyo ijapokuwa jumla ni ileile. Skrini ya 144 imepangwa kwa 144, au imebaki 60? Na swali la daktari yeyote: kabla ya ugonjwa kuanza, ni nini kilichobadilika?

Nasikia pingamizi mbili. Ya kwanza inasema: Kifaransa kinatosha kwa mambo ya kompyuta. Nitajibu kwa heshima kwamba Kifaransa chenyewe, kikitaka kusema mashini ni nzito, kinasema “ça rame,” yaani inapiga kasia. Ni picha nzuri, lakini nayo haitenganishi joto na diski. Ugonjwa ni uleule: neno moja kwa shida nyingi. Tena mazungumzo ya mteja na fundi hayafanyiki kwa Kifaransa cha mhadhara. Yanafanyika kwa Kiswahili chenye maneno ya Kifaransa ndani yake. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha kwanza, inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Lugha ya taifa isiyoweza kumwambia fundi mahali panapouma inabaki lugha ya taifa kwenye karatasi.

Pingamizi ya pili inasema: tungoje Watanzania, wao ndio wenye baraza na kamusi. Kazi yao ni kubwa, na hakuna anayeidharau. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi walidhani jambo hilo haliwezekani. Lakini kazi za namna hiyo hutupa hasa majina: faili, kabrasha, kipanya. Kutafuta ugonjwa wa mashini hakuhitaji majina mapya mengi. Kadi ya michoro iitwe hivyo au “karte grafike,” fundi ataelewa. Kinachohitajika ni vitenzi vilivyotumiwa kwa usahihi, na vitenzi hivyo tunavyo tayari, pamoja na “-aka” yetu ambayo vitabu vya pwani havina.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa idara yetu. Kwanza, ikubali kazi za mwisho wa masomo juu ya msamiati wa mafundi wa kompyuta, kama inavyokubali kazi juu ya methali na majina ya watu. Mwanafunzi akae katika karakana miezi miwili, arekodi kwa idhini malalamiko ya wateja, aandike kila ugonjwa ulivyotajwa na ulivyokuwa kweli, kisha apime ni mara ngapi maneno yalimpeleka fundi mahali pake. Pili, tutengeneze karatasi moja ya maswali kwa Kiswahili cha huku, tuibandike karakana kwa karakana: Inaanza lini? Ni daima au mara kwa mara? Ikishapata moto au tangu mwanzo? Inazimika au inajizima? Ni mchezo mmoja au yote? Nini kilibadilika? Maswali sita tu, na hayahitaji dola hata moja.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya kitivo cha uhandisi. Wahandisi watatusaidia kuhakikisha majibu. Lakini kusikia tofauti kati ya “inazimika” na “inajizima,” na kujua kwamba tofauti hiyo ina thamani, ndiyo kazi tuliyoandikishwa kuifanya. Na kuna mtu mtaani ambaye wiki hii hii atalipa dola mia moja kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.