Wafiwa wa Munanila nao waulizwe

Mtu akifariki Munanila, mkoani Kigoma, majirani hawasubiri kuitwa. Vijana huchimba kaburi, kina mama huinjika vyungu, wazee hukaa na wafiwa. Katika yote hayo hakuna anayeiuliza familia kama ingependa sehemu ya mwili wa marehemu imponye mtu mwingine. Naamini inastahili kuulizwa, na kwamba wapo watakaofarijika kwa kukubali. Mwaka 1994 majambazi walimpiga risasi Nicholas Green, mtoto wa Kimarekani wa miaka 7, familia yake ikiwa safarini kusini mwa Italia. Alipofariki, wazazi wake, Reg na Maggie, waliruhusu viungo vyake vitolewe. Waitaliano 7 walipona au kupata nafuu, 2 kati yao kwa kupandikizwa vioo vya macho, na katika miaka 10 iliyofuata uchangiaji wa viungo nchini humo uliongezeka mara tatu. Baba yake ameeleza mara nyingi kwamba huzuni haikuondoka, ila pamoja nayo kuna jema la kushika. Faraja ya namna hiyo haifuti msiba, na anayewaahidi wafiwa kwamba itaufuta anawadanganya.

Hapa nchini, Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, kwa figo zinazotolewa na ndugu walio hai. Asiye na ndugu anayefaa huendelea kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Figo ya marehemu inahitaji chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ya kupumulia na madaktari wa kuthibitisha kwamba ubongo umekufa, mambo ambayo hospitali nyingi za wilaya hazina. Kioo cha jicho ni habari nyingine. Ni duara angavu lenye upana wa milimita 11 hivi na unene wa nusu milimita, halina mishipa ya damu, na linaweza kutolewa saa kadhaa baada ya moyo kusimama. Likihifadhiwa kwenye maji yake maalumu yenye ubaridi, hukaa hata wiki mbili, muda unaotosha kulifikisha Dar es Salaam kutoka Kasulu au Kibondo. Uso wa marehemu haubadiliki, na waombolezaji wataaga kama kawaida. Anayelipokea anaweza kuwa mtu aliyebaki na kovu jichoni kwa surua, kwa kuchomwa na mti shambani, au kwa dawa ya kienyeji iliyounguza.

Pingamizi zito zaidi katika ukanda huu ni hofu, na hofu hiyo ina sababu. Kituo cha Kabanga, Kasulu, kiliwapokea watoto wenye ualbino waliokimbia watu walioiwinda miili yao kwa ushirikina. Ukizungumzia viungo vya binadamu mbele ya mzazi wa mtoto kama huyo, ana haki ya kushtuka. Tuhuma za biashara ya figo zilizotikisa Eldoret, Kenya, mwaka 2025 zimeongeza shaka. Lakini uovu huo hustawi penye siri na fedha. Uchangiaji ninaoutetea hauna bei, una ridhaa iliyoandikwa na kumbukumbu zinazokaguliwa, na daktari anayethibitisha kifo hahusiki kabisa na upandikizaji. Bila masharti hayo, hata mimi ningeupinga.

Kuhusu dini, Papa Yohane Paulo wa Pili aliunga mkono uchangiaji wa viungo mwaka 2000, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliuruhusu kwa masharti, ingawa wapo masheikh wenye mtazamo tofauti. Wengine husema kumuuliza mfiwa ni kumzidishia uchungu. Ni kweli, akiulizwa vibaya. Hispania, inayoongoza kwa uchangiaji duniani, huandaa wahudumu maalumu wa kuzungumza na familia, na familia ikikataa, uamuzi wake huheshimiwa.

Kenya iliweka vifungu vya uchangiaji katika Sheria ya Afya ya 2017, na Uganda ikapata sheria yake mwaka 2023. Wizara ya Afya na Bunge letu watupatie sheria kamili inayohusu waliofariki, ianze na vioo vya macho, na wahudumu wa Kigoma wawe miongoni mwa wa kwanza kufundishwa. Nawe msomaji, waeleze watu wa nyumbani kwako unachotaka ungali hai, maana siku ya msiba ni wao watakaotakiwa kujibu.