Acheni kumhubiria mtoto wa Kisaki habari za kibubu

Siku hizi ukitaka kupigiwa makofi kwenye kongamano lolote nchini, sema Watanzania ni maskini kwa sababu hawakufundishwa fedha wakiwa wadogo. Meneja wa benki atatikisa kichwa kukubali, mwanasiasa ataandika pembeni ili akaseme kwao, na mzazi aliyekasirishwa na kijana wake aliyemaliza pesa kwenye kubeti ataitikia kwa sauti. Dawa nayo tunatajiwa hapo hapo: somo la fedha liingie shuleni, mapema iwezekanavyo. Mtoto wa darasa la kwanza apewe kibubu, afundishwe tofauti ya mahitaji na matamanio, aimbe wimbo wa kuweka akiba. Akikua, eti, hatakopa ovyo.

Wanaoamini hivyo nawashauri wafike Kisaki kwanza.

Kisaki ipo Morogoro Vijijini, kusini mwa Milima ya Uluguru, huko inakoelekea barabara ya Bigwa na Mvuha, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ni nchi ya Wakutu, na Waluguru wapo, na wageni walioletwa na mashamba na reli. Watu wanalima mpunga, mahindi na ufuta. TAZARA ina stesheni pale, na treni ya abiria ikisimama, watoto huwa chini ya madirisha na ndizi, karanga na mayai ya kuchemsha. Mwangalie binti wa miaka tisa au kumi mwenye sinia. Abiria anataka mafungu matatu ya mia tano na ananyoosha noti ya elfu kumi. Binti hana chenji. Anamwita mwenzake wa behewa la pili, wanavunja, anarudi mbio huku injini inapiga honi. Karanga hazimtoki mkononi mpaka noti imeshaingia kwenye mkono wa pili, kwa sababu anajua fika kwamba treni ikishaondoka hakuna wa kumdai. Treni ikichelewa na abiria wakiwa na njaa, fungu linapungua ukubwa bila bei kubadilika.

Huyo ndiye tunataka kumfundisha mahitaji na matamanio.

Nyumbani kwao napo anaona akiba kila siku, ila haikai benki. Fedha ya ufuta inaingia mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, na mama mwenye akili haiachi ikae noti. Ananunua bati kumi, anaziegemeza ukutani. Mwakani ataongeza nyingine. Ananunua mbuzi. Anaweka hisa kwenye kikoba. Bati halikopwi na shemeji, wala halipungui thamani mfukoni. Mtaalamu anayekuja na projekta kutoka mjini kumwambia mama huyu "jenga tabia ya kuweka akiba" ana bahati kwamba watu wa Ukutu ni wastaarabu.

Kinachomwangusha mama huyo ni kitu kingine. Tembo wanaingia shambani usiku mmoja na msimu umekwisha. Kwa kanuni za mwaka 2011 kifuta jasho cha shamba kilianzia shilingi 25,000 kwa ekari na hakikuvuka 100,000, tena mwisho ekari tano, hata kama ulilima kumi. Au mvua inakatika. Au mtoto anaugua mwezi wa pili, chakula kimekwisha na ufuta bado mbegu, na anayekuja mlangoni na fedha taslimu anataka mahindi yaliyo shambani kwa nusu ya bei. Mama anajua kabisa kwamba anapunjwa. Angekuwa na shahada ya uchumi angepunjwa vile vile, kwa sababu mtoto ana homa leo.

Na mwalimu tunayemtuma kufundisha somo hilo tunamjua. Hakuna kundi la wasomi lililoumizwa na mikopo ya kausha damu kama walimu wetu. Wapo walioacha kadi zao za benki mikononi mwa mkopeshaji, pamoja na namba ya siri, mshahara ukiingia mkopeshaji anatangulia. Watu hao walisoma riba chuoni, na wengine wanaifundisha. Walikopa kwa sababu malimbikizo hayajalipwa, uhamisho umekuja bila posho, au kuna msiba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji anayetoza mara sita ya hapo anavunja sheria mchana kweupe, na sisi tunapeleka semina kwa anayetozwa! Ni kama kijiji kinachoibiwa kuku kikaamua kuwapa kuku mafunzo.

Hapa ndipo penye siri ya imani hii kupendwa. Haimgharimu mwenye nguvu chochote. Ukisema tatizo ni mizani iliyochezewa, lazima mtu wa Wakala wa Vipimo aamke alfajiri aende mnadani. Ukisema tatizo ni riba, lazima mtu afungiwe ofisi. Ukisema tatizo ni kichwa cha mtoto wa miaka saba, unachapisha kijitabu chenye picha ya kibubu na nembo ya mdhamini kwenye jalada, mnapiga picha ya pamoja, mnaondoka. Na mtoto anabaki na fundisho moja ambalo halikuandikwa kwenye kijitabu: kwamba wazazi wake ni maskini kwa sababu ni wazembe.

Mtanijibu kwamba utafiti umethibitisha. Umethibitisha nini hasa? Mwaka 2014 Fernandes, Lynch na Netemeyer walikusanya tafiti 201 za elimu ya fedha na kukuta mafunzo hayo yanaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za watu katika mwenendo wao wa fedha, tena athari yake inafifia kadiri miezi inavyopita. Walichopendekeza ni mafunzo yatolewe karibu na wakati mtu anapofanya uamuzi. Wapo watafiti wa baadaye waliopata matokeo mazuri kuliko hayo, siwafichi. Lakini hebu tufikirie: kama mtu mzima anasahau ndani ya miaka miwili, huyu wa darasa la pili anayefundishwa leo mkopo atakaouchukua akiwa na miaka thelathini atakumbuka nini?

Lililo karibu nasi zaidi ni la Ghana, ambako Berry, Karlan na Pradhan walijaribu mafunzo ya fedha kwenye shule 135. Watoto waliweka fedha zaidi kwenye visanduku vya shule. Basi. Na katika kundi lililofundishwa fedha peke yake, watoto walianza kufanya kazi zaidi za kutafuta pesa. Tuirudie hiyo polepole, sisi wenye watoto wanaokimbizana na treni saa za vipindi.

Mtoto wa Kisaki anadai kitu cha zamani kabisa ambacho tumeshindwa kumpa: hesabu. Namaanisha hesabu zenyewe, za asilimia, uwiano na kuzidisha, mpaka zikae. Mwaka 2022, katika mtihani wa kidato cha nne, aliyefaulu Hisabati alikuwa takriban mmoja kati ya watano. Nchi yenye matokeo hayo inafikiria kupunguza kipindi ili iimbishe watoto akiba.

Chukua lumbesa, ile shonea ya juu ya gunia. Gunia la kilo 100 likishonewa likafika 120, mkulima mwenye magunia kumi ameondoka mnadani akiwa ameuza kumi na mawili kwa bei ya kumi. Hilo ni swali la darasa la nne, na halihitaji somo jipya. Au chukua mkopo wa laki moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Mkopeshaji anasema "elfu ishirini tu, mama". Usipolipa, na riba ikazaa riba, baada ya miezi sita unadaiwa 298,598. Mwanafunzi wa darasa la sita akikokotoa hiyo mwenyewe ubaoni, akarudia kwa asilimia 3.5 akaona tofauti, hakuna haja ya kumhubiria.

Tena shuleni mnacho kitabu cha mafunzo tayari, kimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 watoto wamelima mashamba ya shule vizazi kwa vizazi, na wengi hawakuonyeshwa mauzo yalikuwa kiasi gani. Jembe lilikuwa lao, daftari la hesabu likawa la wakubwa. Daftari hilo lina ruzuku ya uendeshaji pia, ambayo kwa shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikishuka shuleni. Shule yenye wanafunzi 500 inatarajia milioni tatu, yaani laki mbili na nusu kwa mwezi, kwa chaki, matengenezo, mitihani na michezo.

Kwa hiyo atakayekuja tena na pendekezo la somo la fedha aanze na jaribio dogo, la bure. Darasa la sita wapewe taarifa ya mapato na matumizi ya shule yao ya mwaka jana, pamoja na mauzo ya shamba. Wajumlishe, watoe, waandike kwenye ubao wa matangazo kilichoingia, kilichotoka na kisichoonekana, kisha wazazi waitwe mkutanoni wakisome. Nitapenda kujua ni wangapi kati ya wapenzi wa elimu ya fedha kwa watoto watakaokaa mpaka mwisho wa mkutano huo.