Video za YouTube ndani ya wiki yetu? Mimi napinga!

Leo nina hoja ambayo najua itawaudhi baadhi yenu.

Kila mahali watu wanapoendesha wiki yao wenyewe, lazima atokee mmoja aseme: "Tupachike video za YouTube ndani ya makala, ni mstari mmoja tu wa msimbo!" Ni kweli. Kwa MediaWiki, programu ile ile inayoendesha Wikipedia, kipo kiendelezi kiitwacho EmbedVideo. Unakisakinisha, unabandika anwani, kazi imekwisha. Lakini rahisi si sawa na sahihi.

Chukua makala kuhusu obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane cha Abagusii. Naandika nikiwa Nyaramba, kaunti ya Nyamira, na nawaambia: andika kurasa kumi, bado msomaji hataujua mngurumo wake. Video inahitajika, sibishi. Ninachobishia ni video hiyo iwe mali ya nani, na ikae wapi.

Kwanza, kudumu. Kwa miaka mingi video zilipachikwa kwa Flash. Adobe ilipoacha kuitunza mwishoni mwa 2020, kurasa ambazo hazikurekebishwa zilibaki na kisanduku kitupu. Google Video nayo ilifungwa 2012, ingawa mwenye nyumba ni tajiri. Na YouTube yenyewe, mwenye akaunti akifuta video yake leo, kesho makala yenu ni kipofu. Maandishi ya wiki mtu akiyaharibu, unafungua historia ya ukurasa unayarudisha. Video iliyopachikwa utairudisha kutoka wapi, na nakala hamna?

Pili, msomaji. Kichezeshi cha YouTube hupakua mamia ya kilobaiti za skripti hata kabla hujabonyeza kitufe. Mtu anayenunua bando la siku anamlipia nani hizo? Halafu Google inapata habari kwamba amefungua ukurasa huo, wakati yeye alikuja kusoma tu. Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanza 2003, haichezeshi YouTube ndani ya makala zake, na usiri wa msomaji ni sababu mojawapo.

Najua mtasema: "Seva yetu ni ndogo, haiwezi kubeba video." Hoja nzito hiyo, lakini ina jibu. Pandisheni video kwenye Wikimedia Commons, ghala la faili huru lililopo tangu 2004. Wiki yenu ikiwa na kiendelezi cha TimedMediaHandler na mstari huu kwenye mipangilio:

$wgUseInstantCommons = true;

basi itachezesha faili za Commons bila kuzihifadhi kwenu. Commons hutengeneza pia nakala ndogo ndogo kwa ajili ya mitandao dhaifu.

Haipokei MP4, kwa sababu ya hataza; wahariri walilijadili 2014 na wakakataa. Kwa hiyo geuza video ya simu yako iwe WebM:

ffmpeg -i obokano.mp4 -vf scale=-2:360 -c:v libvpx-vp9 -crf 33 -b:v 0 -c:a libopus obokano.webm

Mstari mmoja tu, kama mlivyotaka!

Ila kuna sharti. Huwezi kuchukua video ya mtu YouTube ukaipandisha kama yako. Itabidi mwende kwa mpiga obokano mwenyewe, mumweleze leseni huru maana yake nini, kwamba yeyote ataweza kuinakili hata kwa biashara, na akikubali ndipo mrekodi. Ni kazi, ndiyo. Lakini wazee wanaojua kukipiga hawatatungoja. Mkishapata faili hiyo, mjukuu wa mtu ataweza kuipakua, kuikata, kuiwekea manukuu ya Ekegusii na kuitunza, awe na ruhusa ya kampuni au asiwe nayo.

Wiki ni mali ya wanaoiandika. Msiifanye dirisha la duka la mtu mwingine.