Mlifika Kutuhesabu

Majuzi kwenye baraza kijijini, mkubwa mmoja alisimama akatuambia barabara yetu itangoja kwanza. Kwa nini? Ati sisi ni wachache, kuna sehemu zenye watu wengi zaidi. Wazee wakapiga makofi kwa heshima. Mimi nikapanda bodaboda nikarudi Eldoret na hasira zangu, na ndizo hizi.

Wachache kwa sababu gani? Darasa letu la nane, shule ya huko upande wa Moiben, tulikuwa 31. Waliobaki kijijini ni 6. Wengine tuko Langas, Huruma, Kapsoya, wengine Nairobi, mmoja yuko Doha. Hakuna aliyeondoka kwa kuchukia shamba. Tuliondoka kwa sababu kutoka kwetu hadi lami ni kilomita 7 za matope, na ukipata kazi mjini huwezi kwenda na kurudi. Halafu sensa ikaja. Sensa ya Kenya humwandika mtu pale alipolala usiku ule, na usiku wa 24 Agosti 2019 mimi nililala Langas, chumba kimoja na binamu yangu. Nikawa mtu wa Eldoret.

Mwaka wa 2009 Eldoret ilikuwa na watu 289,380. Mwaka wa 2019, 475,716. Agosti 2024 ikatangazwa kuwa jiji, tukasherehekea, hata mimi nilikuwa barabarani nikipiga kelele. Lakini ndani ya hiyo hesabu kuna vichwa vyetu vingi. Ubovu wa barabara ulitutoa, sasa kutoka kwetu ndiyo sababu ya kutoitengeneza. Hiyo ni akili ya wapi?

Na hesabu hiyo ina uzito. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti pesa baada ya ugatuzi iliipa idadi ya watu asilimia 45, ukubwa wa ardhi asilimia 8. Rafiki yangu wa mjini ananiambia ni haki, pesa zifuate watu. Sawa, Langas nayo inataka mitaro, naishi huko, najua. Ila chai unayokunywa asubuhi hapo mjini, maziwa yake yametoka wapi?

Benki ya Dunia huuliza swali tofauti: kati ya watu wa mashambani, ni wangapi wanaishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika misimu yote? Misimu yote, bana. Huku kilele cha mvua ni Julai na Agosti. Januari hata Probox inafika kwa nyanya. Julai bodaboda ya shilingi 150 inakuwa 500, na maziwa ya jioni hayatoki kabisa. Anapewa ndama, wanapewa paka. Paka wa nyanya wamenenepa kunishinda.

Julai hiyohiyo, mwaka juzi, jirani yetu alishikwa na uchungu usiku. Walimbeba kwa wilbaro, wanaume wanne wakipokezana, tochi za simu mkononi. Mtoto alizaliwa kabla ya lami, kando ya mtaro, mvua ikinyesha. Yuko hai, ashukuriwe Mungu, na mama yake pia. Kujifungua ilikuwa bure. Kufika ndiko hakukuwezekana.

Lakini karani wa sensa alifika! Agosti, katikati ya mvua, na gambuti zake. Alimuuliza nyanya choo ni cha aina gani, paa ni la nini, kama ana redio. Kwa hivyo msituambie hamjui njia.

Na sijaomba lami. Naomba makalavati mawili pale kwa mto, mitaro pande zote, na murramu iliyoshindiliwa, si ile ya kumwagwa wiki moja kabla ya kura.

Sensa ijayo, kwa desturi ya kila miaka kumi, ni 2029. Kwenye grupu yetu ya darasa nimeshaandika: usiku huo sote 31 tulale nyumbani. Wamekubali, hata yule wa Doha. Shida ni kwamba itakuwa Agosti, na sijui tutafikaje.