Mtoto Akilia, Tumsikilize

Wazazi wenzangu, mtoto wa miaka miwili akilia mara kwa mara, watu husema anadeka. Wengine humchapa ili anyamaze. Mimi sikubaliani nao.

Mtoto huyo bado ana maneno machache. Kilio ndiyo lugha yake. Mwanangu alilia siku mbili, nami nikamkaripia. Mama yake ndiye aliyeona kwamba anashikashika sikio. Tulimpeleka zahanati. Kumbe ndani ya sikio mlikuwa na usaha! Niliona aibu sana.

Kwa hiyo, tutafute sababu kwanza. Je, ana njaa? Tumbo lake ni dogo. Milo miwili kwa siku haimtoshi. Ale mara tatu au nne, na katikati apewe kitu kidogo kama ndizi. Je, amelowa? Ana usingizi? Akiwa na homa, au akikataa kula na kunyonya, tumpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Akililia kisu, tumwondolee, tumpe kijiko achezee. Baba naye ambembeleze. Kulea si kazi ya mama peke yake.

Fimbo hunyamazisha kinywa. Haiponyi sikio.